Katikati ya Dar es Salaam wanakaa akina nani?

SWALI: Nimepata kazi kwenye ofisi moja karibu na Posta Mpya, natokea Mbeya. Natafuta nyumba ya kupanga Kisutu au Upanga nikae na mama yangu, tuepukane na foleni. Kila ninayemuuliza ananiambia mjini hakuna wakazi, ni ofisi na maduka ya Wahindi tu. Nami nilipita Mtaa wa Samora Jumapili mchana, nikakuta maduka yamefungwa na watu hawaonekani. Hivi katikati ya jiji wanakaa akina nani hasa, na maisha ya pale yakoje?

JIBU: Dada yangu, hongera kwa kazi. Niseme mapema kwamba hao waliokuambia mjini hakuna wakazi wamekupotosha, na Samora ya Jumapili imewasaidia kukupotosha. Ule ni mtaa wa benki, mashirika na ofisi za mawakili; Jumamosi saa nane mchana umeshaanza kufunga, na Jumapili wanaobaki ni walinzi. Ungeingia ndani kidogo tu, upande wa Jamhuri, Indira Gandhi, Zanaki na Kisutu, ungekuta nguo zimeanikwa kwenye baraza za ghorofa ya pili na ya tatu, wazee wametoka msikitini wamesimama kwenye kona wanaongea, na vijana wamepanga mawe katikati ya barabara wanacheza kriketi kwa sababu Jumapili ndiyo siku pekee ambayo magari yamewaachia njia. Watu wapo. Ila siku za kazi wanafunikwa na wale wanaokuja asubuhi na kuondoka jioni.

Hapo ndipo palipo na fumbo zima la katikati ya jiji. Sensa yetu humhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Ile ya mwisho ilikuwa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022. Mkoa mzima wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728. Lakini ukizitazama kata za katikati, yaani Kivukoni, Kisutu, Mchafukoge, Gerezani, Kariakoo na Upanga mbili, ya Mashariki na ya Magharibi, utakuta namba ndogo mno ukizilinganisha na kata za Temeke au Ubungo. Katika sensa ya 2012 Kivukoni haikufikisha watu 10,000, na Kisutu vilevile. Kivukoni hiyo ndiyo yenye Ikulu, Posta, majengo ya Benki Kuu na soko la samaki la Feri. Karani wa sensa hawezi kumwona mtu anayevuka na pantoni kutoka Kigamboni saa kumi na moja alfajiri, wala anayeshuka kwenye mwendokasi la Kimara saa moja na nusu. Kwa hiyo mjini kuna jamii mbili, inayolala pale na inayoshinda pale, na mipango mingi huandaliwa kwa kuitazama moja tu. Choo cha umma, kivuli, maji ya kunywa na mahali pa kulia chakula cha mchana vinahitajika na watu wengi kuliko namba ya sensa inavyoonyesha. Shule ya msingi, kiwanja cha watoto na barabara ya kutembea usiku kwa usalama vinahitajika na wale wachache ambao kila mmoja anadhani hawapo.

Nitaanza na wanaolala, maana ndio utakaokuwa jirani zao.

Mpangilio wa watu katikati ya Dar es Salaam haukutokea wenyewe. Mji huu ulianzishwa na Sultani Majid wa Zanzibar miaka ya 1860. Wajerumani waliufanya makao makuu yao mwaka 1891, na mwaka huohuo wakaweka kanuni za ujenzi zilizoamua nyumba ya aina gani ijengwe wapi. Waingereza, walioutwaa mwaka 1916, wakaendeleza mpango huo wa kanda tatu: upande wa bahari nyumba za Kizungu zenye bustani, katikati eneo la biashara, magharibi nyumba za Waafrika. Sheria yenyewe haikuhitaji kutaja rangi ya mtu, ilitaja aina ya jengo na vifaa vyake. Asiyeweza kujenga kwa mawe na saruji alijikuta Kariakoo. Mwenye duka la mawe na makazi juu yake alijikuta Uhindini. Kati ya kanda hizi mbili za mwisho wakaacha uwanja wazi, na uwanja huo ndio Mnazi Mmoja ya leo. Ukisimama pale ukaangalia mashariki, kisha magharibi, mgawanyiko huo bado unauona kwa macho, ingawa pande zote mbili sasa ni ghorofa.

Uhindini ndiko iliko Kisutu unakotafuta nyumba, pamoja na jirani yake Mchafukoge. Neno “Wahindi” linaficha mambo mengi. Kuna Waismailia, Waislamu wanaomfuata Aga Khan, ambao jamatkhana yao kubwa, yaani nyumba yao ya ibada, imesimama hapo mjini tangu enzi za ukoloni. Kuna Ithnasheri na Mabohora, ambao ni Waislamu wa Kishia, kuna Wamemoni na Masuni wengine wenye asili ya Kachi huko India, kuna Wahindu wenye mahekalu yao Kisutu, kuna Wagoa Wakatoliki na Masingasinga. Wapo pia Washihiri kutoka Hadhramaut ya Yemen na Wangazija, ambao hukuwasikia wakitajwa kabisa. Wengi wa watu hawa ni kizazi cha tatu au cha nne kuzaliwa hapa, ni raia, na Kiswahili chao ni cha pwani hasa. Anayekuambia asilimia ngapi ya wakazi ni Wahindi anakisia, maana sensa ya mwisho kuuliza watu kabila na dini Tanzania ilikuwa ya mwaka 1967. Kilichopo ni ushahidi wa mitaani, yaani misikiti, mahekalu, shule za jumuiya, na majina yaliyoandikwa kwa plasta juu ya majengo ya zamani pamoja na mwaka wa kujengwa.

Lakini dhana ya kwamba Uhindini ni pa Wahindi peke yao ilikufa mwaka 1971. Mwaka huo, miaka minne baada ya Azimio la Arusha, serikali ilipitisha sheria ya kutwaa majengo yenye thamani inayozidi shilingi 100,000 ambayo mwenyewe hakuwa akiyakaa yote. Karibu wote walioguswa walikuwa Waasia. Familia iliyokuwa na jengo la ghorofa tatu, duka chini, wao katikati, wapangaji juu, iliamka ikiwa mpangaji kwenye nyumba yake. Wengi wakaondoka, wakaenda Kanada na Uingereza. Majengo yakashikwa na Msajili wa Majumba, ambaye mwaka 1990 aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Vyumba vilivyoachwa wazi vikagawiwa watumishi wa serikali na wa mashirika ya umma. Ndiyo maana mpaka leo kwenye ngazi moja utakuta mlango wa kwanza bibi wa Kiithnasheri, wa pili familia ya mstaafu wa Reli kutoka Kigoma, wa tatu ofisi ya kuagiza mizigo, wa nne mama wa Kipemba na wajukuu zake. Wamekaa hivyo miaka hamsini. Wanajuana kwa misiba na harusi, na mtoto wa mlango mmoja hula mlango mwingine. Mimi hilo naliona kuwa moja ya mafanikio makubwa ya mji huu ambayo hayasemwi, na yalipatikana kwa njia iliyowaumiza watu. Yote mawili ni kweli.

Ukipanga kwenye jengo la namna hii, litazame vizuri kabla hujatoa pesa. Ngazi zake ni pana na za mawe, dari ziko juu, upepo unapita kwa sababu lilijengwa kabla ya viyoyozi. Kila mlango una mlango wa pili wa nondo. Nyuma kuna kichochoro cha huduma kinachopita kati ya majengo, kilichowekwa na wapimaji wa zamani kwa ajili ya mabomba na taka. Leo mchana ndimo mama lishe wanamopikia na kuwalisha makarani wa nusu ya mtaa. Juu ya paa mmepangwa matangi ya plastiki, kila familia na tangi lake na bomba lake, kwa sababu presha ya maji haifiki juu. Uliza tangi lako ni lipi na pampu ni ya nani, maana ugomvi mwingi wa wapangaji unaanzia juu ya paa.

Upande wa pili kuna majengo mapya. Tangu miaka ya 1990, na kwa kasi zaidi baada ya 2005, Shirika la Nyumba na wamiliki binafsi wameingia ubia na wajenzi, nyumba za ghorofa mbili za miaka ya 1930 zikavunjwa na badala yake zikasimama za ghorofa kumi na zaidi. Chini maegesho, kisha maduka, kisha fleti. Fleti hizo zimeleta wakazi wapya: vijana wenye kazi za benki, wafanyabiashara wa Kariakoo waliofanikiwa, Wahindi waliokuja juzi kutoka India kwa mikataba ya kazi, Wachina kidogo, na familia za zamani za Uhindini zilizoamua kubaki karibu na msikiti wao. Kasi hiyo ilikuwa na gharama. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013 jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30, wakiwemo watoto waliokuwa wakicheza jirani. Kwa hiyo ukionyeshwa fleti kwenye jengo jipya, usione aibu kuuliza lina kibali cha ghorofa ngapi na limejengwa ghorofa ngapi. Ni swali la haki kabisa, na dalali anayekasirika kwa kuulizwa hivyo muache na nyumba yake.

Upanga ni habari nyingine. Kwanza kuna miti. Kuna nyumba zenye uwanja, na safu za fleti za chini zilizojengwa na jumuiya za Waismailia kuelekea uhuru. Kuna Muhimbili, na kwa hiyo kuna madaktari, wauguzi, wanafunzi wa udaktari, na watu wa mikoani waliokuja kumuuguza ndugu wakapanga chumba kwa wiki mbili au mwezi. Kuna shule za serikali zenye majina, Azania, Jangwani, Zanaki, Tambaza, na shule za jumuiya. Usiku kuna utulivu ambao Kisutu haunao. Kama mama ana umri na anahitaji hospitali ya karibu na mahali pa kutembea jioni, mimi ningeanza kutafuta Upanga Magharibi, hata kama fleti itakuwa na kutu kidogo kwenye madirisha.

Kivukoni yenyewe usihangaike nayo. Ni Ikulu, ofisi, makumbusho, bustani, mahoteli na vyuo. Wakazi wake halisi ni wachache, na sehemu kubwa ya sura za vijana utakazoziona ni wanafunzi wa Chuo cha Usimamizi wa Fedha. Ukijumlisha na wale wa Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) na wa Taasisi ya Teknolojia pale Barabara ya Bibi Titi, utaelewa kwa nini mjini kuna vijana wengi kuliko unavyotarajia mahali pa maofisa: wanapanga wanne wanne kwenye chumba, wanakula chipsi mayai kwa mama wa kona, na ndio wanaoyaweka hai maduka ya kuchapisha nyaraka.

Kariakoo hukuitaja, lakini huwezi kuuelewa mji bila hiyo, kwa sababu ndiko mabadiliko yalikokwenda mbali zaidi. Ilikuwa mitaa ya nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani jiko, choo na kisima, mwenye nyumba akikaa chumba kimoja na wapangaji vingine. Humo ndimo zilimokulia Yanga ya 1935 na Simba ya 1936, na Mtaa wa Lumumba ndiko TANU ilikofanyia siasa za kudai uhuru. Tangu biashara huria irudi, kiwanja cha nyumba moja kimegeuka ghorofa sita, nane, kumi. Familia zenye urithi zikaingia ubia na mwekezaji, zikapewa sakafu moja au fedha, na nyingi zikahamia Tabata, Mbagala na Chanika. Leo Mtaa wa Kongo au Mchikichi fremu ya upana wa mlango mmoja inagawanywa kwa wafanyabiashara wawili au watatu, mmoja ukuta wa kushoto, mwingine wa kulia, wa tatu amekaa mlangoni na meza. Anayeingia kwenye fremu nzuri humlipa anayetoka kilemba, na kilemba hicho mara nyingi huzidi kodi ya miaka. Juu ya maduka ni stoo. Mahali palipokuwa pa kulala pamekuwa pa mizigo, na wakazi wakahesabiwa kwingine.

Wanunuzi wake wanatoka Lubumbashi, Bukavu, Lilongwe, Lusaka, Bujumbura na Moroni, na Kiswahili cha Kikongo utakisikia ngazi za kila jengo. Ni soko la nchi sita lililobanwa kwenye barabara zilizopimwa kwa ajili ya nyumba za vyumba sita, na matatizo yake mengi yanatokana na hilo. Soko kuu, lile la paa la miavuli alilolisanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021. Novemba 2024 ghorofa iliyokuwa ikitumika kwa biashara ilianguka na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Wafanyabiashara walifunga maduka Mei 2023 na tena Juni 2024 wakilalamikia namna ya kukusanya kodi. Julai 2025 serikali ikatoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara ndogondogo za aina 15, jambo lililodaiwa Kariakoo kwa miaka mingi. Sisemi haya kukutisha. Nasema uone kwamba panapoitwa “mjini” ni mahali ambapo watu wanapigania nafasi ya upana wa meza.

Sasa wanaoshinda. Siku ya kazi mji hujaa kwa mafungu. Alfajiri ni Feri, mnada wa samaki, wachuuzi na wapara samaki. Kuanzia saa kumi na mbili ni wafagizi, walinzi wanaopokezana na mama lishe wenye masufuria. Saa moja na nusu ni makarani. Saa tatu ni wateja, wenye kesi Mahakama ya Kisutu na ndugu zao, wenye shida za vitambulisho, abiria wa boti za Unguja. Ijumaa kuanzia saa sita na nusu maduka mengi hufungwa kwa swala, hufunguliwa baada ya saa nane. Ukipanga shughuli zako bila kulijua hilo utachoka bure. Jioni ofisi zikifungwa, Mtaa wa Libya na zile kona za Morogoro Road huanza maisha yake: mishkaki, kuku wa kuchoma, juisi ya miwa, urojo, duka la tambuu, familia nzima ndani ya gari wakila. Mwezi wa Ramadhani pilikapilika hizo huanza mapema na kwenda mpaka daku.

Wamachinga walikuwa sehemu kubwa ya picha hii mpaka Oktoba 2021, walipoondolewa kwenye hifadhi za barabara na mbele ya maduka na kupelekwa maeneo yaliyotengwa. Njia za miguu zikaonekana. Mimi ni mtu wa mipango miji na nafurahi mzee anapoweza kutembea bila kushuka barabarani. Lakini mama aliyekuwa akiuza matunda pale Akiba hakuwa uchafu wa mji, alikuwa huduma, na wateja wake walikuwa makarani wa mshahara mdogo. Alipopelekwa mbali, wateja hawakwenda naye. Ndiyo sababu wengi wamerudi kidogokidogo, na watarudi tena wakiondolewa, mpaka siku mji utakapowatengea nafasi palepale penye miguu ya watu.

Kuna jambo jingine utalikuta. Wizara zilizohamia Dodoma tangu 2016 ziliacha ofisi nyingi, na kampuni kadhaa nazo zimesogea Mikocheni, Masaki na barabara ya Bagamoyo zikikimbia foleni na ukosefu wa maegesho. Wapo wanaosema mji unakufa. Mimi sioni hivyo. Mwaka huohuo wa 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza kuleta watu Kivukoni na Gerezani, treni ya reli ya kisasa (SGR) kutoka Dodoma inashusha abiria hapo mjini tangu 2024, na mapema 2025 Kariakoo ilizinduliwa biashara ya saa 24, taa na kamera zikafungwa. Kazi za serikali zimepungua, biashara na makazi vimeongezeka. Kwa mtu anayetaka kuishi pale, huo ni mwelekeo mzuri, mradi serikali na shirika wakumbuke kujenga nyumba za watu wa kipato kama chako, si fleti za kuuzia waliopo ughaibuni zikabaki zimefungwa.

Kuhusu maisha ya kila siku: mtatembea kwa miguu kwenda karibu kila mahali, na hilo peke yake litakurudishia saa mbili au tatu za siku ambazo mtu wa Mbezi anaziacha barabarani. Soko la Kisutu limejengwa upya na lina kila kitu cha jikoni. Adhana zitawaamsha, kutoka misikiti kadhaa kwa kupishana dakika chache. Mama atazizoea kuliko wewe. Mvua kubwa za masika hujaza baadhi ya mitaa maji ya mitaro, kwa hiyo nyumba ya chini kabisa iogope. Bajaji na bodaboda zina vizuizi katikati, basi mkiwa na mzigo pangeni taksi.

Na kodi. Wengi watakudai miezi sita au mwaka mzima mbele, na dalali atataka ya mwezi mmoja. Kwenye majengo ya Shirika la Nyumba, hakikisha jina lililo kwenye mkataba wa shirika ndilo la mtu unayemlipa, au nenda ofisi yao wenyewe ukaulize chumba hicho kimesajiliwa kwa nani. Kuna wapangaji wanaopangisha wapangaji, na shirika likija kufanya ukaguzi anayetolewa nje ni yule wa mwisho. Mtu akikutaka kilemba cha fleti ya kukaa, mwambie huna, uendelee kutafuta. Nyumba zipo, na mbao za matangazo za misikiti, jamatkhana na makanisa ya mjini mara nyingi zina vyumba ambavyo madalali hawajavifikia.